Kwa nini simu hukatika garimoshini, na jinsi reli inavyoweza kufikisha mtandao vijijini

ABIRIA anayetaka kusafiri kwa garimoshi la Madaraka Express kutoka Mombasa hadi Nairobi huanza safari yake kwa simu. Hubonyeza *639#, huchagua siku na daraja la behewa, kisha hulipa kwa M-Pesa. Lakini simu iyo hiyo iliyomkatia tikiti huweza kumwacha njiani. Garimoshi likishaupita mji wa Mariakani na kuingia katika nyika, hufika mahali ambapo mazungumzo hukatika, ujumbe hukataa kwenda, na alama za mtandao hupungua hadi zikatoweka.

Kwa abiria huyo, hilo ni usumbufu wa muda mfupi. Atafika Voi au Mtito Andei na kuendelea na mazungumzo yake. Si hivyo kwa anayeishi kilomita chache kutoka relini. Huyo haondoki mahali pasipo na mawimbi; ndipo anapolala na kuamka. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, sharti mtu atumwe akapande mlima ili gari litafutwe. Ndovu wakiingia shambani, maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hupata habari mahindi yakiwa yamekwisha kuliwa. Mzee anayetumiwa pesa na mwanawe aliye mjini hulazimika kutembea hadi barabara kuu ndipo aupokee ujumbe.

Makala haya yanaeleza sababu za mtandao kuwa dhaifu kandokando ya njia za reli, mbinu zinazotumiwa kuuimarisha hapa na katika nchi nyingine, na jinsi kazi hiyo inavyoweza kuwafaa abiria na wanavijiji kwa pamoja.

RELI NA MAWASILIANO NI NDUGU WA ZAMANI

Tangu awali, reli haikuweza kuendeshwa bila mawasiliano. Ujenzi wa reli ya zamani ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899, na ukafikia ufuo wa Ziwa Victoria, mahali palipo na jiji la Kisumu leo, mwaka wa 1901. Sambamba na vyuma hivyo zilisimamishwa nguzo za nyaya za telegrafu. Sababu ni rahisi kuelewa. Magarimoshi mawili yakitumia njia moja kutoka pande mbili, ni lazima msimamizi wa kituo kimoja amjulishe wa kituo kinachofuata kabla ya kuliruhusu lolote liondoke.

Nyaya hizo zilitumikia shughuli za reli na za serikali ya kikoloni. Mwanakijiji wa kawaida aliziona zikipita juu ya malisho yake, lakini habari zilizobebwa humo hazikuwa zake.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mnamo Mei 31, 2017, reli ya kisasa (SGR) kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa. Ina urefu wa takriban kilomita 472 na vituo tisa vya abiria: Mombasa, Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River na Nairobi. Mwaka wa 2019 ilipanuliwa kwa kilomita 120 hivi hadi eneo la Suswa, karibu na Naivasha. Reli hiyo nayo ina mfumo wake wa mawasiliano, na hapa ndipo watu wengi hukanganyikiwa.

MITANDAO MIWILI KANDO YA RELI MOJA

Anayechungulia dirishani huona minara ya redio ikiwa imesimama kando ya njia. Hushangaa kwamba mnara upo na simu yake haishiki.

Jibu ni kwamba minara mingi ya aina hiyo si ya umma. Reli ya kisasa hutumia mtandao uitwao GSM-R, ambao ni teknolojia ya simu za mkononi iliyorekebishwa kwa matumizi ya reli pekee. Kwa mtandao huo, dereva huzungumza na wasimamizi wa safari walio kituoni, na kukitokea hatari mwito mmoja huwafikia madereva wote walio karibu. Una masafa yake maalumu ya mawimbi, na laini ya kawaida ya Safaricom, Airtel au Telkom haiwezi kuingia humo.

Utengano huo una sababu. Mazungumzo ya usalama hayafai kungojea foleni pamoja na abiria anayetazama video ya mpira. Hata hivyo, utengano wa mawimbi haulazimishi utengano wa kila kitu. Mnara, umeme, uzio, barabara ya kuufikia na nyaya za faiba zinazouunganisha na makao makuu ni vitu vinavyoweza kutumiwa na zaidi ya mtandao mmoja. Hivyo ndivyo hugharimu pesa nyingi zaidi kuliko mtambo wenyewe wa kurusha mawimbi.

KWA NINI MAWIMBI HUPOTEA

Kwanza ni hesabu ya watu. Kampuni ya simu hujenga mnara mahali ambapo wateja watarudisha gharama. Ndiyo maana takwimu za mtandao nchini aghalabu hutolewa kwa asilimia ya watu waliofikiwa, wala si kwa asilimia ya ardhi. Nchi inaweza kuwafikia takriban watu wake wote huku sehemu kubwa ya ardhi yake ikibaki bila mawimbi. Garimoshi hupita juu ya ardhi hiyo. Reli ya kisasa hukatiza eneo la mbuga za Tsavo kwa zaidi ya kilomita 100, ambako wakazi wakuu ni ndovu na simba.

Pili ni barabara kuu. Kati ya Mombasa na Nairobi, minara mingi iliwekwa kwa ajili ya miji na magari yanayopita barabarani. Reli ikiandamana na barabara, abiria hupata mawimbi ya kuazima. Zikiachana, naye huachwa. Kwa mwanakijiji wa Kinango, Taita Taveta, Makueni au Kajiado, kanuni ni hiyo hiyo: kadiri unavyoingia ndani kutoka lami, ndivyo mtandao unavyofifia.

Tatu ni tabia ya mawimbi yenyewe. Mawimbi ya masafa ya chini, kama vile ya megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya masafa ya juu, kama megahezi 2,100 au 2,600, hubeba data nyingi lakini huishiwa na nguvu mapema. Katika uwanda mtupu, mnara wa 2G unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35, ambao ndio mpaka wa kawaida wa teknolojia hiyo. Mnara wa intaneti ya kasi hauwezi kufika huko kwa urahisi. Milima, makorongo na kuta za udongo zilizochimbwa ili reli ipite huzidisha shida, na ndani ya handaki, kama lile la Ngong lenye urefu wa kilomita nne unusu hivi, mawimbi ya nje hayaingii kabisa.

Nne ni behewa lenyewe. Bati lake huzuia mawimbi. Madirisha ya mabehewa mengi ya kisasa nayo hupakwa utando mwembamba wa madini ili kupunguza joto la jua, na utando huo hufanya kazi kama ngao. Katika mabehewa ya namna hiyo, mawimbi yanayoingia ndani huweza kupungua hadi sehemu moja kwa mia ya yale yaliyo nje, au hata chini ya hapo. Ndiyo sababu mtu aliyesimama kando ya reli anaweza kupiga simu ilhali abiria anayempita hawezi.

Tano ni mwendo na wingi wa watu. Garimoshi la abiria la SGR huenda kwa kasi ya hadi kilomita 120 kwa saa, yaani kilomita mbili kila dakika. Likiwa limejaa, abiria wapatao 1,200 huhama kwa pamoja kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Mnara wa kijijini uliojengwa kuhudumia wateja wachache hupokea umati huo kwa ghafla, kisha umati hutoweka. Simu zikishindwa kukabidhiwa kwa mnara unaofuata kwa wakati, mazungumzo hukatika.

Sita ni umeme na vibali. Mahali pasipo na nyaya za umeme, mnara hutegemea jenereta au paneli za jua na betri. Dizeli husafirishwa kwa gari hadi porini, na betri huibwa. Isitoshe, anayetaka kusimamisha mnara huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), idhini ya mamlaka ya safari za ndege kuhusu urefu wake, kibali cha serikali ya kaunti, na ndani ya mbuga hana budi kukubaliana na KWS.

SIMU INAPOANDIKA 'DHARURA PEKEE'

Kuna dalili moja ambayo msomaji huenda ameiona bila kuitilia maanani. Wakati mwingine simu haisemi kwamba hakuna mtandao. Huandika kwamba inaweza kupiga simu za dharura pekee. Maana yake ni kuwa aghalabu mawimbi yapo, lakini ni ya kampuni nyingine. Simu huruhusiwa kuyatumia kupiga nambari ya dharura, kama 112, na si kwa jambo jingine lolote.

Kwa hivyo, sehemu ya tatizo si uhaba wa minara bali ni mipaka kati ya wenye minara. Tiba yake ni mteja wa kampuni moja kuruhusiwa kutumia mtandao wa kampuni nyingine humu humu nchini mahali ambapo yake haijafika, kama anavyofanya Mkenya anayevuka mpaka na laini yake hadi Uganda au Tanzania. Kampuni hulipana baadaye.

Kampuni iliyotangulia kujenga huupinga mpango huo kwa hoja yenye uzito. Husema kwamba ilitumia mtaji wake kufika mahali ambapo wenzake waliogopa, na haifai wapate bure matunda ya jasho lake. Mgala muue na haki mpe: bila malipo ya haki, hakuna atakayejenga tena mnara wa kwanza. Lakini katika eneo ambalo mapato hayatoshi kulisha hata mnara mmoja, kujenga mitatu ni kutupa mali. Hapo kushirikiana ndiyo njia ya pekee.

WALIVYOFANYA WENGINE

India, nchi ambayo vibarua wake zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga reli yetu ya kwanza, ndiyo yenye somo la karibu zaidi. Mwaka wa 2000, serikali yake iliunda kampuni ya RailTel, ikaipa jukumu la kulaza faiba kandokando ya njia za reli. Faiba hiyo ilikusudiwa kuboresha mawasiliano ya reli, lakini nafasi iliyobaki iliuzwa kwa kampuni za simu na za intaneti. Leo kampuni hiyo ina makumi ya maelfu ya kilomita za faiba, imeweka intaneti isiyotumia waya katika zaidi ya vituo 6,000, na kupitia huduma ya RailWire inaunganisha nyumba za watu zilizo mbali na reli. Vituo vingi kati ya hivyo vimo mashambani. Kituo kimegeuka kuwa bomba ambalo kijiji huchotea intaneti.

Ujerumani ilitumia sheria. Ilipoyapiga mnada masafa ya 5G mwaka wa 2019, iliwawekea wanunuzi sharti kwamba reli zinazobeba abiria zaidi ya 2,000 kwa siku ziwe zimefikiwa na intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde kufikia mwisho wa 2022, na reli nyingine megabiti 50 kufikia mwisho wa 2024. Aliyetaka masafa alichukua na mzigo wake.

Uingereza nayo, mwaka wa 2025, ilitangaza mkataba kati ya shirika la reli, Network Rail, na kampuni za Neos Networks na Freshwave. Kampuni hizo zitalaza kilomita 1,000 za faiba mpya kandokando ya njia kuu na kuweka vifaa vya mawimbi katika mahandaki 57. Serikali hutoa njia, na wawekezaji hupata faiba wanayoweza kuifanyia biashara.

Jirani zetu wa Tanzania walianza kusafirisha abiria kwa reli yao ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro mnamo Juni 2024, kisha hadi Dodoma wiki chache tu baadaye. Kando na reli hiyo, mwaka wa 2023 serikali yao ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini kupitia mfuko wa mawasiliano kwa wote. Ni miradi miwili tofauti, lakini inaonyesha kwamba kijiji hakiachwi kisubiri soko peke yake.

NINI CHAWEZA KUFANYWA HAPA

Kenya ina chombo cha kuanzia. Marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya mwaka wa 2009 yaliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Kampuni zenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya kila mwaka. Utafiti wa mamlaka hiyo wa mwaka wa 2016 ulibainisha kata ndogo 164 zilizokuwa hazina mtandao wowote wa simu, na fedha za hazina zikaanza kutumiwa kujenga minara katika baadhi yazo.

Hazina hiyo hupima mahitaji kwa kata ndogo. Reli haikupimwa namna hiyo. Kata ndogo inaweza kuhesabiwa kuwa imefikiwa kwa sababu makao yake ya chifu yana mawimbi, huku vijiji vya upande wa pili wa reli vikiwa gizani. Hatua ya kwanza, basi, ni kupima upya kwa kulifuata garimoshi lenyewe: kuweka vifaa behewani na kuandika, kilomita baada ya kilomita, ni mtandao upi unaopatikana na kwa nguvu gani, kisha kupima vijiji vilivyo ndani ya kilomita 10 kila upande.

Hatua ya pili ni kufungua miundombinu ya reli. Shirika la Reli na kampuni za simu zinaweza kukubaliana kuhusu kukodisha nafasi katika minara na nyuzi za faiba zisizotumika, kwa masharti yanayolinda usalama wa safari. Kodi hiyo italisaidia shirika, na kampuni zitaepuka gharama ya kuchimba mtaro mpya.

Hatua ya tatu ni kuelekeza mitambo pande zote. Mnara wa reli huelekeza mawimbi yake mbele na nyuma, kufuata vyuma. Mnara wa kuhudumia umma sharti uwe na antena zinazotazama vijijini pia. Tofauti ya gharama ni ndogo ikilinganishwa na ujenzi wa mnara mwingine, lakini isipoandikwa katika mkataba, haitafanywa.

Hatua ya nne ni mabehewa. Kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi huwekwa paani na kuyaingiza ndani. Mbinu nyingine ni kuchora mistari myembamba kwa leza katika utando wa vioo ili mawimbi yapenye. Katika mahandaki hulazwa kebo maalumu inayotoa mawimbi katika urefu wake wote.

TAHADHARI ZA KUZINGATIA

Ni kosa kudhani kwamba intaneti ya kasi pekee itatosha. Wakazi wengi wa mashambani bado hutumia simu ndogo, zile za kabambe, ambazo hazishiki 4G. Mnara usio na 2G hautamfaa mwenye simu hiyo, hata kama utawafurahisha abiria wenye simu za bei. Hadi simu za kisasa zitakapokuwa nafuu kwa wote, sauti na M-Pesa ndizo huduma za kwanza.

Setilaiti pia zina nafasi yake. Starlink ilianza huduma nchini mwaka wa 2023, na shule au zahanati iliyo mbali na faiba inaweza kuitegemea. Lakini sahani yake huhitaji umeme na ada ya kila mwezi, na haimsaidii mchungaji aliye malishoni na simu yake mfukoni. Setilaiti ni msaidizi wa mnara, wala si badala yake.

Mbugani, kila mnara huhitaji kuchunguzwa usije ukavuruga mapito ya wanyama. Ndiyo sababu ya kutumia minara iliyokwisha kujengwa relini kabla ya kuchimba misingi mipya.

NAFASI YA MWANANCHI

Mkazi ambaye eneo lake halina mtandao ana haki ya kulalamika. Huanza kwa kampuni inayomhudumia, na asiporidhika huwasilisha malalamiko kwa CA. Malalamiko yenye nguvu hutaja kata ndogo, mahali hasa, umbali wa mnara ulio karibu na idadi ya nyumba, shule na zahanati zinazoathirika. Barua moja ya kijiji kizima, iliyopitia kwa chifu na mwakilishi wa wadi, huonyesha uzito wa jambo kuliko manung'uniko ya mtu mmoja mmoja.

Mpango wa kuifikisha reli ya kisasa Kisumu na Malaba ungali katika ajenda ya taifa, na njia za zamani za kwenda Nanyuki na Kisumu zilifufuliwa kwa huduma za abiria mwaka wa 2020 na 2021. Kila mtaro unaochimbwa sasa ni nafasi ya kulaza faiba yenye nyuzi za kutosha, na kila mkataba ni nafasi ya kuandika kwamba mnara utatazama pande zote. Mtaro ukishafukiwa, gharama ya kuuchimba tena huwa mzigo ambao hakuna anayeukubali.

Mwaka wa 1901, mwanakijiji alisimama chini ya waya akasikia tu upepo ukivuma. Mjukuu wa mjukuu wake yuko pale pale, na ana simu mkononi. Mnara u mbele ya macho yake. Kilichosalia ni uamuzi wa kuuelekeza kwake.